Nyuma ya Shuka Jeupe

Kambini, Ruiru
Jumapili, jua likizama

Rodha,

Mambo ya sweta na soksi na kuamka mapema baba yako ameyasema tangu mchana, mpaka nikamwambia anyamaze, huendi vitani. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa sababu tukiongea tutagombana tena, na majirani wa kambi hii wakisikia sauti yangu wote wanakuja kuchambua maharagwe mlangoni petu, eti huku kuna mwangaza zaidi.

Jana ulipokuwa ukipanga sanduku uliniuliza, "Mama, mbona hujawahi kutundika picha yangu ukutani?" Nikakuambia ni mbaya. Nikasema umesimama kama mbuzi aliyeona chumvi. Ukatoka ukaenda kulia huko nyuma ya ghala. Nilikusikia. Sikuja.

Si mbaya. Mimi na wewe tunajua si mbaya. Katika kambi hii yote hakuna mtoto mwenye picha kama ile, umesimama kwenye jua, gauni la kanisani, meno yote nje. Na hayo meno ndiyo yamenishinda miaka yote hii. Sasa Bwana ameuza shamba, na kesho gari la Memsaab linakuja kukuchukua muende Naivasha, ziwani, ukamshikie kamera na kumbebea zile fito tatu anazoisimamishia. Umefurahi mpaka unatembea ukiimba. Basi kabla hujaenda nitakuambia kwa nini picha yako imekaa chini ya sanduku langu. Usitafute utamu humu, sina.

Ulikuwa na dada. Unamkumbuka kidogo, ulikuwa ukimbeba nikienda mtoni. Lakini hujui kilichofanyika, kwa sababu niliwakataza watu wasikuambie, na baba yako kwa upole wake akatii.

Aliitwa Njoki, jina la mama yangu. Wewe ulichukua la mama wa baba yako huko Maragoli, na ndugu zake walipofika kumwona mtoto wa pili wakakuta amepewa jina la Kikuyu, wakamcheka baba yako. "Kwani wewe ndiye umeolewa?" wakamwuliza. Yeye akacheka nao, akamimina chai. Alikubali kwa sababu mama yangu alikuwa amefariki mwaka ule, na alijua kinachonisumbua. Mama yangu aliishi mpaka akazeeka na hakuna mahali popote uso wake ulipowekwa. Hakuna picha. Mimi nilikuwa nimeanza kuusahau. Mikono yake naikumbuka, jinsi alivyofunga kitambaa kichwani naikumbuka, lakini nikitafuta pua yake siipati. Woi, Rodha, kutafuta pua ya mama yako na kuikosa ni jambo baya sana.

Halafu Njoki akazaliwa, na shangazi zangu wakamwangalia wakapiga kelele. Uso ule ule. Hata ile pua. Nikaapa kwamba huyu atapigwa picha hata kama ni moja.

Utasema, si ningemchukua tu niende Thika kwa yule Mhindi mpiga picha. Ungesema hivyo kwa sababu siku hizi unapanda basi unaenda Thika kununua utepe wa nywele. Wakati ule ilikuwa Hali ya Hatari imekolea. Wanawake wenzangu wa Kikuyu walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kwenye vijiji vya mitaro na seng'enge, nyumba zao zikachomwa wakiangalia. Mimi nilibakizwa shambani kwa sababu mbili tu: mume wangu hakuwa Mkikuyu, na Memsaab alipenda ninavyofua. Kutoka nje ya shamba kulitaka barua ya Bwana. Bwana hakuwa mtu wa kumwandikia mfuaji barua ya kwenda kupiga picha.

Lakini Memsaab alikuwa na kamera.

Wewe unamjua kwa kamera hiyo sasa, unajua kuitia filimu na kufuta kioo chake. Wakati ule hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kila mwaka mvua kubwa ikiisha, ile bustani ilifurika, unaikumbuka, dalia, waridi, na ile mishubiri ya kando ya tangi yenye maua mekundu. Memsaab aliweka vipande vya papai juu ya kigogo, shore wakaja, chiriku wakaja, minana wakajenga kwenye mti wa jikoni mpaka mpishi akalalamika kwamba wanamchafulia sufuria. Na yeye alikuwa na haraka ya kichaa, kwa sababu alijua gathano, ule msimu wa baridi, inakuja. Baridi ikishashuka kutoka Nyandarua, jua linajificha wiki hata wiki, manyunyu hayakatiki, maua yanaoza yakiwa bado kwenye shina, na ndege wanajikunja ndani ya majani hawatoki. Kamera bila jua ni sanduku tu. Kwa hivyo kila mwaka, siku chache kabla ya baridi, nyumba nzima ilisimama. Nguo hazikupigwa pasi. Sote tulitumikia ndege.

Kazi yangu ilikuwa shuka. Hiyo bado hujafundishwa, na utafundishwa, kwa hivyo sikiliza. Ndege akiwa mbele ya majani, kila kitu kinachanganyika, huwezi kujua bawa ni lipi na jani ni lipi. Basi mtu anasimama nyuma ya ua, karibu kabisa, amenyoosha shuka jeupe kwa mikono miwili, juu kuliko kichwa chake. Shuka ndege wanalizoea upesi. Mtu hawamzoei. Ndiyo maana mtu lazima afunikwe wote, asionekane hata kidole, asikohoe, asiondoe nzi. Picha ikitoka, unaona ndege na ua peke yao, safi kabisa, na watu huko kwao wanashangaa Memsaab aliipataje.

"Kamata juu!" ndivyo alivyosema, kwa kile Kiswahili chake. "Hapana tikisa! Wewe kufa kidogo!"

Sisi tulicheka tukirudi jikoni. Mpishi alikuwa akiniuliza kila siku, "Leo umekufa mara ngapi?" Tulikuwa tunacheka, Rodha. Sitaki ufikirie tulikuwa tunalia kila siku.

Mwaka ule Njoki alikuwa ameanza kusimama akishika ukuta. Nilifanya kazi naye mgongoni kwenye ngoi, ile nguo ya kubebea mtoto. Nikangoja siku moja Memsaab akiwa na furaha, nikamwambia, "Memsaab, naomba kitu. Picha ya mtoto. Moja tu."

Akamwinua Njoki kidevu kwa kidole. Akacheka vizuri, si kwa dharau. "Mzuri sana huyu! Ndiyo, ndiyo. Filimu nikibaki nayo, mimi piga yeye."

Basi mimi kila asubuhi nikampaka mtoto mafuta mpaka akang'aa, nikamvika kofia nyekundu ya sufu aliyofuma shangazi, nikaenda naye. Kila siku Memsaab alipiga, akazungusha, akapiga. Kila siku nikajiambia, kesho. Njoki alikuwa na kikohozi kidogo, cha kawaida, kamasi za kawaida. Baba yako akasema, "Leo mwache nyumbani." Nikamwambia, na kama leo ndiyo siku ya picha je?

Asubuhi ya mwisho Bwana alitoka mlangoni na kiko chake mdomoni, akaangalia upande wa milima, akamwambia mkewe baridi inafika leo. Kulikuwa na jua, lakini upepo ulikuwa na meno. Shuka nililopewa lilikuwa limetoka tu kufuliwa, bichi bado, kwa sababu Memsaab alitaka lile jeupe kuliko yote. Tulianza. Dalia. Shore na papai. Halafu akaangalia kile kidirisha cha nyuma ya kamera kinachohesabu picha zilizobaki, akaniinulia kidole kimoja.

"Bado moja," akasema. "Hii ya mtoto wako."

Akasema mwenyewe. Sikumkumbusha.

Nikaanza kufungua ngoi. Kwa haraka yangu lile fundo likakataa. Njoki alikuwa ameona kamera, alikuwa anainyooshea mkono akisema maneno yake yale. Na hapo ndege chozi akaja. Yule wa kijani mwenye mkia mrefu, yule Memsaab aliyekuwa akimngoja tangu mvua. Akatua kwenye mshubiri.

"Shuka," Memsaab akanong'ona. "Shuka, upesi!"

Nisikilize sasa. Hakunipiga. Hakunitishia, hakusema atanipeleka kwenye seng'enge. Aliomba shuka tu, na mikono yangu ikapanda yenyewe. Nilivuta fundo lile nikalikaza tena, nikamrudisha mtoto mgongoni, nikachukua shuka bichi nikalinyoosha juu. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimamisha lile shuka kati ya mwanangu na kamera.

Chozi hakuwa na haraka. Yeye alikuwa upande wa jua, sisi upande wa kivuli. Maji ya shuka yalinitiririka mikononi yakaingia kwapani, yakafika kwa mtoto. Njoki akakohoa. Chozi akaruka, akazunguka, akarudi. Memsaab akapiga ulimi. Nikamwambia mtoto kwa sauti ya chini, "Nyamaza, mama, nyamaza, tutamfukuza." Akanyamaza. Alikuwa mtoto msikivu, si kama wewe. Akaweka shavu lake mgongoni pangu, nikahisi lina moto, nami sikushusha mkono. Mpaka nikasikia kile kidude cha kamera kikilia.

Memsaab akapiga makofi. Akaruka kama msichana. Halafu akatazama kidirisha, uso ukabadilika. "Ah. Imekwisha. Pole, Mama Rodha. Filimu mpya ikija, jua likitoka. Mimi naahidi."

Kabla ya chakula cha mchana wingu lilikuwa limefunika mpaka Mugutha. Jua halikutoka.

Memsaab hapendi baridi. Alienda Mombasa kukaa kwa rafiki yake mpaka gathano iishe. Njoki akaanza kuvuta pumzi kwa mbavu. Tulimpaka mafuta ya taa na mafuta ya kondoo, tukamfukizia majani. Siku alipozidiwa ilikuwa giza limeingia, na hospitali iko Thika. Mtu mweusi akionekana barabarani baada ya giza, risasi ilitangulia, jina likaulizwa baadaye. Baba yako alimfunga kifuani, akavaa koti, akasimama mlangoni. Mimi ndiye niliyemshika. Nilisema, "Wakikuua nitabaki na nini?" Akakaa chini na koti lake. Tukangoja kupambazuke ili turuhusiwe kutembea. Kulipopambazuka hakukuwa na haja ya kwenda popote.

Tulimzika kule chini mwisho wa mibuni, ambako nyapara alituonyesha. Siku iliyofuata nilifua. Lile shuka lilikuwa kwenye kapu.

Jua likarudi. Maua yakarudi, hayaoni haya, ng'o. Na jua liliporudi, Memsaab naye akarudi, mwekundu kama nyanya, na siku ya pili nikamwona anashuka njia ya kambini na kamera shingoni. Alikuwa hajawahi kufika huku kwetu kabla ya siku hiyo. Wanawake wakasimama. Alikuwa anatabasamu tangu mbali.

"Mama Rodha! Unaona? Mimi kumbuka. Lete mtoto. Jua iko, filimu iko."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nani amwandikie mzungu Mombasa kwamba mtoto wa mfuaji amekufa?

Nikasema, "Memsaab, mtoto amezikwa."

Akaweka mkono mdomoni. Macho yakajaa machozi, ya kweli, niliyaona. Akasema pole, akasema pole tena. Akasimama hapo hajui aende wapi na kamera yake. Halafu akakuona wewe. Ulikuwa umesimama na gauni la kanisani, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, umetoa macho. Akasema, "Huyu je? Tupige huyu?"

Mimi sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Na wewe hukungoja niseme. Ulikimbia ukasimama mbele ya ukuta, pale pale kwenye jua, ukanyoosha gauni, ukatabasamu.

Ile ilikuwa picha ya Njoki. Jua lake, filimu yake, ahadi yake. Na wewe uliingia ndani yake na meno yote.

Ulikuwa mtoto. Najua. Baba yako ameniambia mara nyingi mpaka amechoka, "Tabitha, alikuwa mtoto, mtoto akiona kamera anacheka." Najua! Kichwani najua. Lakini kila nikiitoa ile picha nilikuwa nataka kukushika mabega nikutikise nikuulize, unachekea nini? Kwa hivyo nikaificha. Na nikawa mkali kwako kwa mambo madogo, kwa vikombe, kwa nywele, kwa kucheka kwako. Ulifikiri mimi ni mtu mchungu tu kwa asili. Nimekuwa mchungu kwako zaidi ya ulivyostahili, na sitakudanganya kwamba uchungu umeisha wote. Umebaki. Jana ulipokuwa unaimba ulinipanda tena.

Naona unavyompenda Memsaab. Mpende, sikukatazi. Si mtu mbaya. Hilo ndilo lililonimaliza mimi, maana mtu mbaya ungemjua ukajikinga. Huyu ana moyo, analia, anakumbuka ahadi, anakuja nayo mpaka mlangoni kwako mtoto akiwa ameshazikwa. Sikujua hata namna ya kumchukia. Nikachukia picha ya mwanangu badala yake, kwa kuwa hiyo ilikuwa karibu.

Anakusifu kwamba una mkono mtulivu. Anasema huko Naivasha kuna ndege hata jina hawana. Atakupa shuka. Lishike, ni kazi yako na unalipwa. Lakini mkono ukichoka, Rodha, shusha. Atapiga ulimi. Mwache apige. Ndege atarudi au hatarudi, ni ndege. Na siku utakapokuwa na mtoto mgongoni, usishike kitu cha mtu mwingine kwa mikono miwili. Mmoja ubaki nyuma, uhisi kama shavu lake lina moto. Mimi nilihisi kwa mgongo, na mgongo hauwezi kufanya kitu.

Leo ulipoenda kuaga watu wa kanisa nilipiga msumari. Picha yako iko juu ya kitanda chetu. Ukiingia utaiona. Usiseme neno. Ukisema hata neno moja nitaitoa, na unanijua.

Ndani ya sanduku lako, chini ya sweta, kuna karatasi nimeikunjia kwenye leso. Ni ile ya kalenda ambayo Memsaab alitengenezesha mwaka ule akawapa wafanyakazi wote Krismasi. Baba yako alitaka kuichoma, nikamnyang'anya. Ni chozi kwenye ua la mshubiri. Utaona mkia wake, utaona hata umande kwenye ua. Imetoka vizuri sana, hilo siwezi kukataa.

Nyuma ya ndege utaona weupe mtupu. Watu wote wanafikiri ni mbingu. Si mbingu, ni shuka. Nyuma ya shuka ni mimi, na mgongoni pangu ni Njoki, amevaa kofia nyekundu, amenyamaza kama nilivyomwambia. Hiyo ndiyo picha yake tuliyo nayo. Itunze.

Mama yako,
Tabitha